Ngiri na Tuta Lisilolala

Zamani, mkwe alipokuwa anapimwa kwa jembe, Bibi Nungunungu alitangaza kwamba binti yake ataolewa na atakayemshibisha kwa viazi vitamu vya tuta moja. Wakajitokeza Ngiri, mwenye majivuno ya kuutosha ukoo mzima, na Fuko, ambaye hata macho ya kumwonea bibi harusi hana.

Fuko alipewa tuta nyuma ya kichuguu, jua linakoondoka mapema. Ngiri alipewa la uwandani, na bado hakutosheka. Kila jua lilipozama, aliwapanga vimulimuli juu ya tuta lake ili mchana wake urefuke.

"Mmea unakula mwanga," alijitapa. "Tuta lako, Fuko, linalala kabla ya kuku."

"Liache lilale, kaka," alisema Fuko. "Mimi naishi huku chini, navijua viazi. Kiazi kikiona mchana mrefu kinatambaa tu, kinadhani muda upo. Mchana ukiwa mfupi ndipo kinakumbuka kuweka akiba."

Ngiri alicheka mpaka pembe zake zikagongana. Majani yake yalikuwa yameshamfika kifuani.

Siku ya kuchimba, Bibi alikuja na sufuria kubwa na njaa ya siku mbili. Ngiri alifukua tuta zima akapata vijizizi vyembamba kama mkia wa panya. Fuko akasukuma juu viazi vinene kama vichwa vya watoto. Bibi akala, akacheua.

"Lakini mama, matembele yangu umeyaona?" aliuliza Ngiri kwa unyonge.

"Nimeyaona, mwanangu, yamependeza. Harusi ni Ijumaa. Utaleta mboga."