Pumzi za Babu Maputo

"Haraka zaidi, mzee," daktari akasema. "Hema kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

Babu Maputo akahema. Jina hilo alipewa na watoto waliokuwa wakinunua maputo kwake kwenye lango la bustani, na siku hizi hata manesi walimwita hivyo. Alikuwa amelazwa chali, kifua wazi, nyaya zimebandikwa kila mahali, na aliona haya kidogo kwa kuwa binti yake alisimama pale pale miguuni pa kitanda. Mashine ilitoa karatasi yake yenye mistari, taratibu. Kisha kile kitu kilichomleta hospitalini kikaja. Kilimkalia kifuani, kikamkandamiza, maumivu yakapanda mpaka kwenye taya.

"Basi, acha!" Daktari akamtia kidonge chini ya ulimi. "Tumempata mwizi wetu."

Mzee alipopata nafuu akaelezwa kwamba mwizi mwenyewe ni pumzi. Mtu akihema kupita kiasi, hutoa hewa chafu nyingi mno, na asidi ya damu hupungua. Kwa wengi hakuna neno. Lakini mishipa inayolisha moyo wa mzee huyu ilikuwa na hasira za karibu: asidi ikishuka tu, inajibana, na damu haipiti.

"Nyumbani kuna wakati unahema hivyo?"

"Hahemi, anapuliza," binti akadakia. "Kila jioni hukaa peke yake akapuliza maputo ya kuuza kesho yake, kwa mdomo, mpaka chumba kijae, pa kukanyaga pakose. Nimesema mpaka nimechoka."

"Na maumivu huanza jioni?"

"Jioni, ndiyo. Na baba hajui kudanganya, daktari. Akisema kifua kinamuuma, kinamuuma."

Mzee akainua kichwa. Hakuwa mtu wa maswali, lakini siku hiyo alikuwa nayo. Tangu mtu aanze kuhema mpaka maumivu yaje, huchukua muda gani? Lazima yaje kila mara? Na akiacha, mishipa hufunguka yenyewe?

"Usiogope," daktari akasema. "Ni dakika chache, na mara nyingi hufunguka. Ila usicheze nayo, mzee. Siku mishipa ikikataa kufunguka, hutafika hapa."

Binti akamshika mkono. Siku zote hizo alikuwa ameshinda wodini, akilala kwenye kiti, akimkata baba yake kucha na kumsimulia vituko vya wakubwa zake kazini. Mzee hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu mkewe afariki. Kusema kweli, alikuwa na raha katika kile kitanda cha chuma, na alijionea aibu kwa raha hiyo.

Siku ya kuruhusiwa, binti alimnunulia pampu ya mkono, akampangia dawa kando ya kitanda. "Sasa roho yangu imetulia, baba," akasema, akarudi kwake. Alikaa upande wa pili wa mji tu, lakini kazi na watoto viliufanya upande ule uwe mbali sana.

Pampu ilifanya kazi vizuri mno. Maputo yalijaa kabla chai haijapoa, na jioni ikabaki ndefu, hana pa kuipeleka. Maumivu hayakurudi. Simu za binti, zilizokuwa asubuhi na jioni, zikawa za jioni tu, kisha za siku mojamoja. Mzee akawa anabishana na mtangazaji wa redio. Wakati mwingine aliichukua simu kuangalia kama imezimika, akaikuta inawaka.

Mwishowe akapiga yeye. "Mama, Jumapili si utakuja?"

"Baba, wiki hii imenikaba. Kazi, watoto, hata nguo sijafua. Kwani kifua kinasumbua?"

"Hapana."

"Afadhali. Basi nitakuja mwezi ujao, Mungu akipenda. Wewe ukiwa mzima, mimi sina wasiwasi."

Jumapili mchana mzee alifagia chumba, akabadili shuka. Akaoga, akanyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi. Aliondoa komeo mlangoni, akaurudishia mlango tu, ili mtu aweze kuingia bila kuhangaika. Kisha akakaa kitandani na simu mkononi. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza na baba yao, na kila kicheko kilimchoma. Hamu ya kumwona mwanawe ikamzidi. Akabonyeza namba.

"Mama. Kifua kimenibana tena."

Alisikia kiti kikisukumwa, funguo zikilia, na sauti ya binti yake ikibadilika. "Weka kidonge, baba! Usisimame, usifanye chochote. Nakuja sasa hivi. Unasikia? Nakuja!"

"Nakusubiri, mama."

Akakata simu, akaiweka kando. Akavuta pumzi moja ndefu, nyepesi, ya mtu asiyeumwa popote. Kisha akafungua mdomo, akaanza kuhema haraka haraka.