Ndizi ya Kula na Ndizi ya Kunywa

"Arobaini na nane," Datius alisema.

"Arobaini na tisa," mkewe Clotilda alimsahihisha, na abiria wa kiti cha mbele akacheka hadi mabega yakatikisika. Basi lilikuwa limeshapita Muhutwe, na tangu Muleba mwaka ule ulikuwa umeshabadilika mara nne kinywani mwa Datius.

Mwaka wa kufika. Waliowatangulia walisema maswali ya ukaazi wa kudumu huanzia hapo. Tangu kijiji kianze kuandikishwa, kila kaya yenye mtu aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka ilitakiwa ifike ofisi ya uhamiaji Bukoba, mke na mume, ihojiwe. Mkijibu vizuri, mnapewa karatasi. Mkijikanyaga, kaya inapasuliwa kama kuni: mmoja anabaki na kibanja na watoto, mwingine anafunga mzigo na kurudi alikotoka.

Siku tatu Datius alikuwa hajapata usingizi wa maana. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu na kugombana naye kila Jumamosi, na hakujua mtu anaanzaje kuishi bila ugomvi huo.

Shida ilikuwa ulimi wake. Ujana wote ulikuwa umemwishia Uganda, akipiga pasi mashati ya watu. Siku aliyoshuka kwenye meli na sanduku lake la bati, watoto walimfuata wakimwita Mganda, na jina likamganda. Mpaka leo, akishtuka kidogo tu, "sebo" ya Kampala inamponyoka badala ya "bwana".

Clotilda hakuwa na shida hiyo. Alitukana kwa Kihaya kitamu, aliongoza kwaya ya kigango, na wanawake wa kijiji chao cha Kamachumu walimletea binti zao waliokaribia kuolewa awafundishe kumenya ndizi. Safari nzima alimkaririsha mumewe kama katekista: jina la mwenyekiti, idadi ya mibuni, majina ya ndizi.

"Na sebo uiache humu ndani ya basi," alimalizia walipokuwa wanashuka. "Tusije tukaachana kwa neno moja, Baba Benigna."

Afisa aliitwa Lameki, kijana wa Miembeni, kalamu mbili mfukoni na ya tatu mkononi. Alisoma barua ya padri, akasoma fomu, akawatazama wote wawili kwa zamu, kisha akamwonyesha Datius kiti. Mama atakaa kwenye benchi, alisema, na mama atanyamaza.

Kukaa, mama aliweza.

"Kufika Muleba, mwaka gani?"

"Arobaini na nane, sebo."

Kalamu ilisimama. Kwenye benchi mtu alikohoa mara moja.

"Na tisa," Datius aliongeza.

Kibanja kina mibuni mingapi? Datius alisema mingi. Mingi ndiyo mingapi? Inategemea, alisema Datius, kama unahesabu na ile iliyozeeka. Clotilda alikuwa anamwonyesha kwa vidole, lakini mumewe alikuwa amempa mgongo. Mwenyekiti wa kijiji je? Hapo Datius alichangamka, akamtaja mwenyekiti kwa jina la utani, tena la matusi. Jina kamili hakuwahi kulihitaji.

"Shamba la ujamaa la akina mama linasimamiwa na nani?"

Datius akageuka nyuma.

"Usimtazame mkeo, mzee. Jibu."

"Sasa nisimtazame vipi, ndugu, na msimamizi ndiye yeye?"

Lameki hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaegemea kiti, akatoa lile swali ambalo watu wa basi walisema hakuna mgeni aliyewahi kulivuka.

"Nitajie ndizi zetu."

Datius alifikiri. Alizikumbuka zote alizowahi kula, lakini zilikuwa zimemfikia sahanini zikiwa zimeshapikwa, na hakuna hata moja iliyowahi kujitambulisha.

"Kuna ya kula," alisema, "na kuna ya kunywa."

Benchi likashindwa kuvumilia. Waitu, bwana wetu, alisema Clotilda akisimama, afisa amsamehe, huyu ni mwanamume. Akazitaja: nshakala, nyoya, nchoncho, embwailuma, na embile ya kukamulia pombe ya rubisi, ipi inataka samadi na ipi inavumilia mawe, ipi inapikiwa mgeni na ipi inapikiwa mgeni asiyetaka kuondoka. Mibuni ni mia mbili kumi na saba. Mwenyekiti ni Anatory Mwijage, na kaka yake anaitwa Ildefons, kama afisa atamhitaji. Na ni arobaini na tisa, mwezi wa Novemba, Jumanne, mvua ilikuwa inanyesha.

Lameki aliandika kwa muda mrefu. Datius aliifuata kalamu kwa macho, mstari baada ya mstari, akiagana kimoyomoyo na ugomvi wa Jumamosi.

Hatimaye afisa aligeuza fomu, akausukuma wino mpaka ukingo wa meza, upande wa benchi.

"Njoo utie dole gumba, mama," alisema, akasoma alichoandika. "Mwombaji, Clotilda, mzaliwa wa Ngozi, Burundi: akubaliwe. Shahidi wake, mumewe Datius, anayedai kuzaliwa Kamachumu: achunguzwe."