Vigingi vya Mti wa Mahame

"Dorka, mzee wako mmemwachia nani kule mahame, kijiji mlichokihama?" jirani aliwahi kumuuliza, mwezi ule walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Dorka alimjibu kwamba marehemu mumewe yuko kwa Bwana, hakuachwa na mtu.

Leo alikuwa kwa fundi seremala, akitazama gitaa dogo la marehemu likiwekewa vigingi vipya vinne vya kukazia nyuzi. Vile vya plastiki vilikuwa vimelika, nyuzi zikilegea katikati ya wimbo, na Jumapili bintiye angelipiga kanisani kwa mara ya kwanza.

Fundi akasokota kigingi cha mwisho mpaka kikauma tundu. "Sasa hata ng'ombe avute, mama, uzi haulegei."

Kigingi kikazunguka. Hakuna mkono uliokigusa. Kilirudi nyuma polepole, kikilia kama mlango, kisha kikatulia, uzi ukiwa umeshuka kidogo tu. Fundi akacheka, akakaza tena. Kikarudi palepale.

Dorka aliijua sauti ile. Mtu mmoja tu, mumewe, ndiye aliyeulegeza uzi huo hivyo, ufanane na litungu, kinanda cha jadi alichopiga baba mkwe wake Dorka.

"Fundi, mti huu umeutoa wapi?"

"Kule mahame. Kulikuwa na mpini wa jembe umechomekwa ardhini, mkavu, mzuri, umesahauliwa bure."

Aliyeuchomeka ni yeye Dorka, kichwani pa kaburi la mumewe, walipokosa muda wa kuchonga msalaba.

Aling'oa vigingi kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama! Na Jumapili binti atapiga nini?"

Dorka aliliacha gitaa juu ya benchi, nyuzi zikining'inia, akashika njia ya mahame, kuvirudisha kaburini.