Zamu ya Kushindilia Theluji

Usiku wa zamu, watu wa Kibosho hupanda mlimani wakiwa wamelala. Humeza kidonge, huvaa vile viatu vipana vya theluji, na viatu vyenyewe huongoza miguu mpaka alfajiri, vikishindilia theluji mpya isiporomoke. Asubuhi mtu huamka kitandani kwake, soksi zimelowa, hakumbuki kitu.

Mara hii Anasia alisahau kumeza kidonge, na viatu vikamvuta mlimani yu macho. Kando yake alitembea mumewe, Elirehema, amefumba macho, amemshika mkono. Nyumbani, mwaka mzima ulikuwa umepita hajamshika.

"Mbona leo kimya?" Elirehema akauliza usingizini. "Siku zote unanichekesha."

Anasia alibabaika. "Nimechoka tu."

"Basi twende taratibu. Ila mke wangu asijue."

"Mkeo nani?"

"Anasia, mama Ndeshi. Nimemwacha nyumbani amelala." Akashusha pumzi. "Si mtu mbaya. Tumeishiwa maneno tu."

Asubuhi Elirehema alikunywa chai bila kuinua uso. "Umeamkaje, mama Ndeshi?"

"Salama."

Zamu iliyofuata, Anasia alikaa ukingoni mwa kitanda, kidonge kiganjani. Akikimeza, yule mwanamke mcheshi wa usingizini mwake ndiye atakayepanda na mumewe. Asipokimeza atapanda yeye mwenyewe, naye hajui hata wanachekea nini.

Mlangoni, Elirehema alikuwa keshalala wima, viatu miguuni, anatabasamu, anamngoja mtu.