Alama za Kifuani

Kigen alishika kipande cha sabuni akaanza kusugua misalaba ya wino aliyochorwa kifuani jana hospitalini, kuonyesha pa kuchomwa mionzi. Saratani ya mapafu ilikuwa imerudi.

Mara ya kwanza, mkewe alimwogesha wiki sita akizikwepa alama hizo kama anayepalilia mahindi machanga. Wino haukufutika. Koo ndilo lililoungua kwa mionzi, hata uji ukakataa kupita.

Sasa mkewe aliingia na taulo, akaona maji ya beseni yamegeuka zambarau.

"Mzee, si daktari alisema usiguse hapo?"

"Alisema." Alikohoa, akaendelea kusugua.

Mkewe alilitupa taulo begani. Kisha akapiga magoti, akaitoa sabuni mkononi mwake.

"Geuka," alisema. "Kuna alama ingine hapa ubavuni."