Ungo wa Bi Somoe

Wallahi haya ni kweli tupu, jamaa wa barazani. Mkinikamata na uongo, jogoo wangu chukueni.

Swila alitokea kwenye mchicha wa Bi Somoe, kichwa juu, akimwelekea kuku aliyeatamia. Bi Somoe akainua ungo, akakinga macho, akamwendea. Swila akatema sumu, ungo ukalowa. Mama akasogea vilevile, mpaka akamkata kichwa kwa jembe. Na jembe nani alimpa? Mimi hapa, bega kwa bega naye!

“Bega gani, Mzee Chande?” Bi Somoe akadakia nyuma yangu. “Si ulikuwa juu ya mpapai wangu, unanisomea Yasini!”

Nikamfunga jogoo miguu. Bi Somoe akampokea kwa ungo uleule wenye madoa, akapita nao katikati ya njia, shingo juu kuliko jogoo mwenyewe.