Kaburi la Mwenyeji

Katika mji ule, mtoto wa mwenyeji alisoma chuoni kwa nusu ya karo, na mwenyeji alikuwa mtu mwenye kaburi la ndugu yake pale. Ndiyo maana Bwana Kidunda, mwenyekiti wa mtaa, alifika makaburini asubuhi ile pamoja na Zawena, aliyeomba nusu hiyo ya karo, na bibi yake, Bi Mwanashuru, aliyekuwa akikohoa njia nzima.

"Haya, nionyesheni wafu wenu," alisema mwenyekiti.

"Wetu tuliwazika kule tulikotoka tukikimbia," alisema Zawena. "Lakini hapa tumekaa tangu sijaota meno."

"Kukaa hata kunguru wanakaa, binti. Na karo yote mkishindwa, chuo kinafunga milango Ijumaa."

Bi Mwanashuru akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Mwenyekiti, lazima liwe kaburi la zamani?"

"Hata la jana, bi mkubwa. Sheria haikusema."

"Basi sheria yenu ina huruma kuliko nyinyi."

Akavua kandambili, akazipanga vizuri, akajilaza kwenye nyasi katikati ya makaburi ya watu, kanga ameivuta hadi kidevuni. "Hebu nipimie. Miguu haizidi?"

"Ah, bi mkubwa na utani wako," alisema mwenyekiti, akatazama pembeni.

"Bibi, inuka. Nyasi zina umande."

Bi Mwanashuru alikuwa amefumba macho, na kikohozi kilikuwa kimetulia. Sisimizi mmoja akapanda unyayoni, akapita katikati ya vidole, akaelekea kwenye kifundo.

"Bibi?"

Zawena akasubiri acheke.